Shimo la dhahabu lililogawanya ukoo wetu

Tulipokuwa watoto na kupelekwa likizoni kwa nyanya, upande wa Rosterman nje kidogo ya mji wa Kakamega, mchezo uliotupendeza kuliko yote ulikuwa ule tuliokatazwa. Tungewavizia wakubwa waende shambani, kisha tungetambaa hadi kwenye kichaka kilichokuwa nyuma ya jiko, tukalala kifudifudi na kutupa jiwe shimoni. Halafu tungehesabu. Moja, mbili, tatu. Ndipo tungesikia chubwi! kutoka chini kabisa, nasi tungetimua mbio tukicheka huku mioyo ikitudunda.

Nyanya akitupata, fimbo ilikuwa haikosi. Lakini hata baada ya kuchapwa hakuna aliyetueleza shimo hilo ni la nani. Tuliambiwa tu kwamba ni la "wazungu wa dhahabu".

Sikujua kwamba zaidi ya miaka 25 baadaye shimo hilo hilo lingenikosanisha na baba mdogo, limkoseshe ndugu yangu masomo ya muhula mzima, na kunifanya nijiulize swali ambalo sijaacha kujiuliza hadi leo.

Yalianza na simu ya shangazi, ambaye sisi humwita senge. Nilikuwa sokoni Kitale Jumamosi moja asubuhi.

"Mwanangu, mnunuzi wa shamba amepatikana," alisema. "Njoo Jumamosi ijayo. Usitume mtu. Njoo wewe mwenyewe."

Msomaji, kabla hujanilaumu kwa tamaa ya kuuza ardhi ya mababu, acha nikueleze hali yetu. Shamba lenyewe ni ekari moja na nusu tu. Baba yangu, aliyehamia Kitale akiwa kijana na kufundisha huko mpaka alipostaafu, alifariki akiwa na fungu lake katika shamba hilo. Mama yetu anaishi Kitale kwa kuuza maziwa na mahindi, na kila mkulima wa Trans Nzoia anajua kwamba msimu wa mavuno ndio msimu ambao bei ya gunia huanguka. Kitinda mimba wetu alikuwa katika mwaka wa pili chuoni na karo ilikuwa imelimbikizana. Hivyo basi simu ile ilipokuja, sitaficha, nilimshukuru Mungu.

Jumamosi iliyofuata nilipanda matatu alfajiri. Tulipita Kiminini, Kamukuywa na Misikhu, na jua lilikuwa limeshachomoza tulipofika Webuye. Zamani tulijua tumekaribia Webuye hata kabla ya kuiona, kwa ile harufu kali ya kiwanda cha karatasi cha Pan Paper. Watoto tuliziba pua na wakubwa wakatuambia hiyo ndiyo harufu ya kazi. Kiwanda kilipofungwa mwaka wa 2009, harufu ilikwisha na pamoja nayo zikaisha kodi za nyumba, biashara za hoteli na karo za watoto wengi. Mwaka wa 2016 kiliuzwa kwa kampuni ya Rai kwa shilingi milioni 900 na kikapewa jina jipya.

Nilikitazama kupitia dirishani nikawaza: kiwanda kikifa, tajiri mwingine anaweza kukinunua, akapaka rangi na kubandika jina lake langoni. Je, mgodi ukifa? Anayenunua huwa amenunua nini hasa?

Dhahabu ilivyokuja na kwenda

Wengi wa rika langu tumesikia jina Rosterman bila kujua kisa chake. Mimi mwenyewe nilipata sehemu yake kwa marehemu baba na sehemu nyingine vitabuni.

Mwaka wa 1931 mlowezi mmoja Mmarekani, L. A. Johnson, aliyekuwa akilima Uasin Gishu, aligundua dhahabu karibu na Kakamega. Nyakati hizo zilikuwa mbaya kwa walowezi. Bei ya mahindi ilikuwa imeporomoka kote duniani na nzige walikuwa wamekula kilichosalia. Basi habari za dhahabu zilipofika Eldoret na Kitale, wazungu waliokuwa wamefilisika waliacha plau zao na kumiminika Kakamega na mahema, sururu na karai. Kwa muda mfupi walifika mamia. Kila mmoja alichimba alipobahatisha na akikosa, alihama akachimba kwingine. Mashimo mengi ya sehemu zile hayana jina kwa sababu hiyo.

Ardhi waliyoichimba ilikuwa na wenyewe. Sheria iliyotungwa mwaka wa 1930 ilikuwa imewaahidi Waafrika kwamba ardhi ya hifadhi zao ingekuwa yao daima, na kwamba kipande chochote kikichukuliwa, wangepewa kingine cha thamani sawa na baraza lao lingeulizwa kwanza. Mnamo Desemba 1932, dhahabu ikiwa imeshathibitishwa, serikali ya kikoloni iliibadilisha sheria hiyo. Ahadi ya daima ilidumu miaka miwili. Hofu iliyobaki mioyoni mwa Waluhya ilichangia kuzaliwa kwa chama cha North Kavirondo Central Association, kilichopigania ardhi katika miaka hiyo ya thelathini.

Wachimbaji wadogo walipochoka, kampuni zilishika nafasi yao. Mgodi mkubwa kuliko yote ulikuwa Rosterman, uliofanya kazi tangu mwaka wa 1935 hadi 1952 na kutoa zaidi ya aunsi 250,000 za dhahabu. Babu yangu alifanya kazi ya kusukuma mawe mgodini akiwa kijana. Baba alisimulia kwamba babu hakupenda kuzungumza juu ya kazi ile. Alichokuwa akisema ni kimoja tu: "Chini kule hakuna asubuhi."

Mwaka wa 1952 mgodi ulifungwa. Dhahabu ilikuwa imekwenda, na wenye dhahabu wakaenda. Mashimo yakabaki.

Kila mtu na shimo lake

Niliposhuka Kakamega nilisimama kwa mama mmoja muuza chai ili nipate kifungua kinywa. Wanaume watatu walikuwa kwenye benchi wakibishana, na nilipotega sikio nikakuta wanabishana juu ya jambo lile lile lililonileta.

Mmoja alisema kwamba Rosterman yafaa pajengwe nyumba, kwani mji unapanuka na tangu Chuo Kikuu cha Masinde Muliro kilipopata hadhi yake mwaka wa 2007 wanafunzi hawana mahali pa kulala. Wa pili alitikisa kichwa. Yeye alitaka vijana waachwe wachimbe, maana dhahabu ingali ipo na njaa nayo ipo. Wa tatu, mzee aliyevaa kofia ya sufu, alitaka makumbusho. "Watoto wetu wanapelekwa na basi hadi Kitale kutazama nyoka na vipepeo," alisema, "na hapa kwetu kuna historia imejaa nyasi."

Nilitabasamu, kwa maana Makumbusho ya Kitale nayajua tangu utotoni. Yalianza na vitu alivyokusanya mlowezi mmoja, Kanali Stoneham, aliyekuwa na hobi ya vipepeo na vitabu. Mwaka wa 1974 yakafunguliwa kuwa makumbusho ya umma. Ikiwa vipepeo vya mtu mmoja viliweza kuwa shule ya maelfu ya watoto, mbona jasho la baba zetu lisiweze?

"Na takataka je?" mama muuza chai akauliza huku akimimina chai. "Mnasema nyumba, dhahabu, makumbusho. Kwa miaka mingapi Rosterman imekuwa jaa la taka za mji? Mtu akisikia shimo, anafikiria la kutupia tu."

Wanaume wale walinyamaza. Nami nikalipa chai yangu na kwenda zangu.

Nyumbani nilikuta ukoo umekusanyika chini ya mwembe. Baba mdogo ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Nilipewa jina la mama yake, yaani nyanya, kwa hiyo tangu nikiwa mtoto yeye huniita "mama".

"Mama, karibu," alinipokea kwa furaha. "Leo Mungu ametukumbuka."

Alieleza kwamba mnunuzi ni mfanyabiashara kutoka mjini, mtu mwenye pesa taslimu, na kwamba alikusudia kujenga jengo la ghorofa la vyumba vya wanafunzi. Bei aliyoitaja ingelipa karo ya ndugu yangu hadi ahitimu na ibaki ya kumnunulia mama ng'ombe wa pili.

Binamu yangu alipinga. Yeye ni kijana wa miaka ishirini na tisa, na kwa miaka saba amekuwa akishuka mashimoni sehemu mbalimbali za mkoa. Alitaka tusiuze bali tutoe maji shimoni kwa pampu, tuweke mihimili mipya na tuchimbe wenyewe.

"Dada, wewe umesoma, waeleze," aliniambia. "Wazungu waliacha mawe mazuri. Kwa nini tumuuzie mtu bahati yetu?"

Nilimwomba anieleze kazi hiyo huendaje. Alisema hushuka kwa kamba, wakiwa na tochi za kichwani, wakachimba wakifuata mshipa wa jiwe jeupe. Mawe huvutwa juu kwa winchi na akina mama huyaponda. Husagwa, huoshwa juu ya blanketi ili chembe nzito zishike, kisha hutiwa zebaki ambayo hunasa dhahabu. Mwishowe zebaki huchomwa motoni na dhahabu hubaki.

"Unaishika na nini hiyo zebaki?" nikamuuliza.

"Na mkono," akanijibu, akishangaa swali langu.

Nilitazama vidole vyake nikakumbuka mambo niliyosoma juu ya mji wa Minamata kule Japani, ambako tangu mwaka wa 1956 ilianza kujulikana kwamba zebaki iliyotoka kiwandani na kuingia katika samaki ilikuwa ikilemaza watu wazima na watoto waliokuwa bado tumboni. Nikakumbuka pia shimo la Abimbo kule Siaya, lililoporomoka Desemba 2021 na kuwafukia wachimbaji. Mwili wa mmoja wao ulichukua miezi kupatikana. Tena kuna sheria. Kwa Katiba ya 2010 madini yaliyo chini ya ardhi ni mali ya umma, hata kama hati ya shamba imo kabatini mwako. Bila kibali, hicho alichokiita bahati yetu kingekuwa kosa.

Senge ndiye aliyesema mwisho. Yeye ni mjane na anaishi kwenye shamba hilo peke yake.

"Nyinyi mnazungumza kana kwamba shimo ni la jana au la kesho," alisema. "Mimi naishi nalo leo. Mvua ikinyesha silali. Mwaka juzi lilikula mbuzi wangu, na mdomo wake umepanuka hatua mbili tangu kaka yangu afe. Mimi sitaki dhahabu na sitaki ghorofa. Nataka ua na miti."

Hakuna aliyemjibu. Baba mdogo alikohoa, akasema kwamba mnunuzi angefika kesho yake saa nne.

Siri ya marando

Jioni ndipo nilipouliza swali ambalo lilipaswa kuulizwa kwanza. "Baba mdogo, mnunuzi ameliona shimo?"

Alinitazama, kisha akatazama pembeni. Mnunuzi alikuwa amefika mara mbili na kuonyeshwa upande wa barabarani tu. Usiku huo, baba mdogo akasema, vijana wawili wangekuja kulifunika kwa magogo na mabati makuukuu, waweke udongo juu na kupanda marando ya viazi vitamu. "Likishafunikwa ni shamba kama mashamba mengine," akasema. "Na akianza kujenga, fundi wake atajua la kufanya. Kwani hapa mjini ni nyumba ngapi zimejengwa juu ya mashimo? Zimeanguka?"

Sikumjibu. Nililala chumbani kwa senge lakini usingizi ulinikataa. Nje nilisikia magogo yakiburutwa.

Nilikumbuka safari tuliyoenda Mombasa nikiwa mwanafunzi wa uandishi wa habari. Tulipelekwa Bamburi kuona bustani ya Haller Park. Mahali hapo palikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji, kilichoanza kazi mwaka wa 1954. Baada ya miaka mingi ya kuchimba mawe ya matumbawe, palibaki uwanda mweupe, mkavu, wenye joto la kuchoma. Mwaka wa 1971 mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, Rene Haller, alianza kupanda miti humo. Kati ya aina 26 alizojaribu, ni tatu tu zilizostahimili, na mvinje ndio uliofanya vizuri zaidi. Lakini majani ya mvinje yaliyodondoka hayakuoza, basi akaleta jongoo. Jongoo waliyala na kuyageuza udongo, na udongo ukazaa msitu. Mwaka wa 1984 wageni walianza kuruhusiwa kuingia.

Wakati ule niliandika makala nzima nikisifu jongoo. Sasa, nimelala macho juu, niligundua kwamba sikuwa nimeuliza la maana. Haller hakufanikiwa kwa ajili ya jongoo peke yao. Kampuni iliyochimba ilikuwa bado ipo, ardhi ilikuwa yake na pesa za kulipia majaribio ya miaka nenda miaka rudi zilikuwepo. Tena machimbo yale yalikuwa wazi, kila mtu aliona kilichoharibika. Sisi kwetu aliyechimba hajulikani, dhahabu ililiwa kabla baba hajazaliwa, na uharibifu wenyewe uko chini ya miguu.

Huko Ujerumani, katika bonde la Ruhr, walichimba makaa ya mawe kwa vizazi vingi. Mgodi wa Zollverein mjini Essen ulifungwa mwaka wa 1986, na mwaka wa 2001 uliingizwa katika orodha ya turathi za dunia ya UNESCO. Watu huenda pale kuona maonyesho na kusikiliza muziki. Mgodi wao wa mwisho wa makaa meusi, kule Bottrop, ulifungwa Desemba 2018. Lakini chini ya sifa hizo zote kuna pampu. Ardhi ya Ruhr imedidimia kwa sababu ya mashimo, na pampu zikizimwa maji yatafunika makazi ya watu. Kwa hiyo mwaka wa 2007 liliundwa shirika maalumu la kulipia pampu hizo, si kwa miaka kumi au ishirini, bali milele. Wenyewe huziita kazi za milele.

Nilirudiarudia maneno hayo gizani. Nchi tajiri imekubali kwamba gharama ya shimo haina mwisho, ikaitengea fedha kabla ya kufunga lango. Sheria yetu ya Madini ya 2016 nayo inamtaka mchimbaji aweke dhamana ya kurekebisha ardhi kabla hajaondoka, na inatenga sehemu ya mrabaha, asilimia 20 kwa kaunti na asilimia 10 kwa jamii. Ni sheria nzuri. Kampuni ya Shanta Gold ilipotaka kuchimba upande wa Isulu na Bushiangala kule Ikolomani, na mwaka wa 2025 mpango huo ukazua mabishano makali, angalau kulikuwa na mtu wa kuulizwa: mtatulipa nini, mtatuhamishia wapi, mtafukia vipi? Lakini mashimo ya miaka ya thelathini hayana wa kuulizwa. Anayelipa ni mwanamke mzee asiyelala mvua ikinyesha.

Na sasa tulikuwa tunataka alipe mwanafunzi. Huyo ndiye aliyenikosesha usingizi. Mtoto wa mtu, kutoka Bungoma au Lodwar, angelipa kodi ya chumba, akatundika saa yake ukutani, akasoma kwa ajili ya mtihani, bila kujua kwamba chini ya kitanda chake kuna moja, mbili, tatu. Karo ya ndugu yangu ingetoka hapo.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini hawakusema jambo juu ya yule anayeupaka ufa chokaa ili amuuzie jirani nyumba.

Jiwe moja

Saa nne mnunuzi alifika, mtu mpole, na mke wake. Baba mdogo aliwatembeza mbele ya nyumba akionyesha mipaka. Marando yalikuwa yamepandwa vizuri, na hata yalikuwa yamemwagiliwa maji. Karatasi za makubaliano zililetwa juu ya meza chini ya mwembe.

Nilikuwa nimejiandaa kwa hotuba, lakini ulimi ulikuwa mzito. Baba mdogo ni mtu aliyenibeba mabegani. Kumwaibisha mbele ya wageni halikuwa jambo dogo, tena kwa mwanamke aliyeolewa mbali, ambaye wengine pale waliona hakustahili hata kuketi kwenye kikao. Basi niliokota jiwe.

"Baba," nilimwambia mnunuzi, "kabla hamjatia sahihi, njooni nyuma ya jiko tafadhali."

Baba mdogo aliita, "Mama!" mara moja tu, kwa sauti ambayo ningali naisikia. Senge aliinuka akatangulia. Yeye ndiye aliyesogeza marando kwa jembe lake na kuinua ncha ya bati. Nilimpa mnunuzi lile jiwe. Alisita, akalidondosha.

Hakuna aliyehesabu kwa sauti. Nadhani sote tulihesabu moyoni. Maji yalipolia chini, mke wake alirudi nyuma na kumshika mumewe mkono.

"Asante, dada," mnunuzi alisema. Hakugomba. Walikunywa chai, wakaaga kwa heshima na hawakupiga simu tena.

Baba mdogo alinisindikiza hadi barabarani, kwa kuwa mila ni mila. Tulitembea kimya. Matatu ilipokaribia alisema, "Mama, umetufukia sote katika shimo lile." Miezi minane ilipita kabla hajanipigia simu.

Sitakudanganya, msomaji, kwamba wema wangu ulilipwa. Ndugu yangu aliahirisha masomo muhula mmoja, akarudi Kitale kumsaidia mama kukamua ng'ombe, na kwa wiki kadhaa hakunisemesha ila kwa salamu. Mama hakunilaumu, lakini hakunisifu pia. Binamu yangu bado hushuka mashimoni, ingawa amekubali kununua glavu. Kwa mshahara wangu na mchango wa senge, aliyeuza kuku wake, tulinunua nguzo na seng'enge tukazungusha ua mpana kiasi cha kuliachia shimo nafasi ya kupanuka. Nje ya ua tulipanda miche ya lusiola. Barua tuliyoandika kwa ofisi inayohusika, kuomba mtaalamu aje apime ardhi, haijajibiwa.

Kwa hiyo shamba letu si nyumba, si mgodi wala makumbusho. Ni ua na miti, kama alivyotaka yule ambaye hakuna aliyemjibu. Mabishano ya Rosterman yataendelea, na mimi siyapingi. Nyumba zinahitajika. Vijana wanahitaji kazi. Mzee wa kofia ya sufu anastahili makumbusho yake. Ninachoomba ni kwamba kabla ya kuamua juu ya shimo lolote kitakachowekwa juu yake, tuwe tumejua limefika wapi chini, nani atalipia kuliziba, na tuwe tumemuuliza anayelala karibu nalo.

Mwezi uliopita ndugu yangu alinipigia simu jioni. Amerudi chuoni na alikuwa akitafuta chumba cha kukodi. Alisema alipata kizuri, kina maji na stima, bei nafuu. Kabla ya kulipa alimuuliza mwenye nyumba hapo palikuwa na nini kabla ya jengo.

"Alinicheka, dada," akasema. "Akaniuliza kama mimi ni mwanafunzi au ni polisi."

"Kisha?"

"Kisha akanijibu. Palikuwa shamba la mahindi." Alinyamaza kidogo. "Nikaenda kumuuliza jirani pia."